Paketi Moja, Lita Moja

Jumatatu, 9 Machi

Sikwenda kazini. Mama watoto anaharisha tangu alfajiri — mara sita kabla ya saa tatu, na kutapika juu yake. Kile kiporo cha maharage! Nilimwambia kimechacha. Akanijibu pua yangu imezoea rangi za kuta, itajua nini? Akakila peke yake kwa kiburi. Sasa amejikunja kitandani, kiburi hana tena, nami raha sina hata chembe.

Duka la dawa wamenipa paketi za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kukoroga na maji. Nikaomba na kidonge cha kufunga tumbo. Muuzaji akakataa: kwanza arudishiwe maji na chumvi anazopoteza.

Nimekoroga mwenyewe. Paketi nzima, glasi moja. Fundi rangi anayezidisha maji ni mwizi, na mimi si mwizi! Alipoonja alikunja uso: “Umetia bahari nzima humu?” Lakini amekunywa yote, asinivunje moyo.

Jumanne, 10 Machi

Hali mbaya. Midomo imekauka, macho yameingia ndani, kiu haimwishi — na kuharisha kumezidi. Asubuhi nilimkorogea glasi ya tatu, nzito vilevile. Nilidhani ugonjwa ni mkaidi. Kumbe mkaidi ni mimi.

Nimemkimbiza zahanati. Muuguzi, binti mdogo tu, akauliza naichanganyaje dawa. Nikamweleza kwa madaha. Akaweka kalamu chini.

“Mzee wangu! Paketi moja, lita moja. Chumvi ikizidi inamvuta maji yaliyobaki mwilini.”

Nilitamani ardhi ipasuke. Mke wangu, asiye na nguvu hata ya kukaa, akanitetea: “Usimgombeze, mwanangu. Kwake yeye kila kitu ni ukuta.” Nikacheka. Halafu machozi yakanitoka, mbele ya watu.

Wamembakiza kwenye chumba cha mapumziko, wamtazame. Dawa imechanganywa upya mbele yangu, lita kamili. Kijiko kimoja kimoja, taratibu. Akitapika, tunangoja dakika kumi, tunaanza tena. Kijiko nimekishika mimi, simwachii mtu.

Jumanne hiyohiyo, saa saba unusu

Hajatapika tangu saa nne. Lakini mkojo hakuna! Tangu jana jioni. Muuguzi anasema ikifika saa nane bila mkojo, gari litampeleka hospitali kubwa akatundikiwe dripu, wapime na figo. Nimeitikia kama mtu mzima. Ukweli ni kwamba naogopa. Nampenda huyu mwanamke, na nimemnywesha chumvi kwa mkono wangu mwenyewe.

Anasema nimepaka rangi shati, nibadilishe, namtia aibu. Anagomba! Dalili njema hiyo.

Saa nane kasoro dakika kumi. Ameinuka. Mwenyewe, akishika ukuta, mkono wangu ameukataa. Ameingia chooni, akafunga mlango. Nikasimama hapo nje.

“Baba watoto, hebu toka hapo! Nitakojoaje nikisikia unavyohema?”

Miaka thelathini na moja ya ndoa, watoto wanne, leo ndiyo ananionea haya! Muuguzi anatazama saa. Dereva ameshika funguo. Nimesogea, hatua tatu. Masikio nimeyaacha palepale mlangoni, na sasa yanasikia mkojo ukichuruzika!