Marehemu Anabeba Kosa la Nyaya Nilizochomoa Mimi

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Kwa Shangazi wa ukurasa huu,

Pole na kazi. Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana sikai nikatulia, naanza kufagia naacha, nabandika maji jikoni nasahau hadi yanakauka.

Mume wangu alikuwa fundi umeme wa magari, amefariki miezi saba iliyopita. Mwaka wake wa mwisho alimtengenezea binti yetu wa miaka kumi na mmoja mashine ya gemu, ile ya kusimama kama kabati, yenye skrini, vijiti viwili na vitufe. Mbao alikata mwenyewe, nyaya alitumia mabaki ya kazini, na mimi nilikuwa namshikia tochi, nikisogea kidogo ananiambia, "Bosi, unamulika mashine au unamulika ukuta?" huku ana skrubu midomoni.

Sasa Shangazi, mwezi uliopita nilifungua mlango wa nyuma nikakuta vumbi, na mimi na vumbi hatupatani, nikachomoa nyaya zote nikazifuta moja moja, nikazirudisha kwa kufuata rangi, nyekundu palipokuwa na nyekundu, njano palipokuwa na njano, nikajisifu kabisa. Binti alipowasha, kijiti ukikisukuma juu mchezaji anakwenda chini, na vitufe vinne vya kulia vimekufa. Akauliza, "Mama, nani kaigusa?" Nikasema sijui.

Shemeji, mdogo wake marehemu, naye fundi, akaja akachungulia akacheka. "Kaka naye! Rangi moja kaitumia mara nne, mtu atajuaje ipi ni ipi? Shemeji, Jumamosi nakuja nang'oa zote, nafunga mpya." Binti alikuwa pale pale. Tangu siku hiyo hajaigusa, na jana nimemsikia akimwambia mwenzake kwamba baba hakujua kufunga vizuri. Nilikuwa naanika nguo, nikashindwa hata kugeuka.

Nikinyamaza, kazi ya mikono yake inang'olewa na mtoto anabaki na neno hilo. Nikisema, mtoto atajua nilimdanganya, na shemeji, ambaye ndiye pekee anayetujia siku hizi, ataniona mpumbavu. Nifanyeje?

Mjane asiyetulia

JIBU

Mwanangu, pole sana. Miezi saba ni kama jana. Lakini pole hainizuii kukusema: vumbi umelifuta kwenye nyaya ukampaka nalo marehemu, kwa sababu yeye hawezi kujibu.

Nimemuuliza fundi wetu hapa ofisini. Anasema anayefunga kwa mabaki hafuati rangi, anafuata njia, na mumeo alizijua njia zake. Wewe hukuzijua, wala hukuweka alama. Kijiti kugeuka ni nyaya mbili tu zimebadilishana nafasi. Na vitufe vinne havifi kwa pamoja hivi hivi. Kuna waya mmoja unaopita kitufe hadi kitufe, kama watu walioshikana mikono. Mmoja akiachia, wote walio nyuma yake wanapotea. Tafuta kitufe cha mwisho kilicho hai na cha kwanza kilichokufa. Hapo katikati kuna kichwa cha waya ambacho hukukirudisha sawasawa. Kazi ya nusu saa, nawe unaacha ing'olewe ya mwaka mzima?

Leo hii, usingoje Jumamosi, mkalishe binti yako umwambie: "Ni mimi niliyechomoa. Baba yako alifunga vizuri. Nilikudanganya." Usianze na sababu, wala usilie kwanza ili akuonee huruma. Atanuna. Mwache anune.

Kisha mpigie shemeji. Atacheka, maana ndivyo alivyo. Kicheko hakijawahi kuvunja mfupa wa mtu. Mwambie aje, ila koleo likae mfukoni. Wa kulitafuta kosa awe binti. Chomoeni plagi ukutani, pigeni picha kila kitu kilivyo, hamisheni waya mmoja, washeni, jaribuni, andikeni, ndipo mzime mguse mwingine. Na shemeji aseme mbele ya mtoto kwamba alikosea kumhukumu kaka yake. Hilo umdai, usiogope.

Nyaya huchakaa, mwanangu. Siku moja zitabadilishwa kwa sababu ya kweli, na hutakuwa umefiwa mara ya pili.

Mkiwasha na vitufe vyote vikaitika, chezeni, na mnikumbuke na mimi.