Kivuli cha Ua Lako

Mbaga, kiangazi 1938

Mama Eliwaza, mke wangu,

Salamu zikufikie huko Makanya kwa binti yetu. Mimi mzima, hakuna mzee huku mlimani anayenishinda kulima. Ua lako nalo lipo. Masika nililiacha linywe mvua, sasa nalimwagia kata moja shinani, majani siyagusi, kama ulivyokuwa ukinigombeza.

Ule mti wa kivuli uliokufanya uniachie nyumba, ndiyo, niliukata, nilitaka mbao, na sijuti. Lakini ua halipendi jua. Basi jua likipinda naketi mimi palipokuwa na mti, nalikinga kwa mgongo. Jirani Andrea anacheka, "Mzee Sefania, umeota mizizi?"

Nimepanda mti mwingine. Huo utachelewa. Wewe usichelewe.

Mumeo,
Sefania