Risala ya Kisima

Jumatatu, 5 Agosti

Mara ya nne leo. Hadija, mjukuu wangu, anasoma mstari, mimi naufuata. Anasema nakimbia, niweke nukta. Nimemwambia nukta aziweke kwenye daftari lake la shule.

Jumamosi nasoma risala ya kikundi chetu cha akina mama mbele ya mgeni rasmi. Kazi hiyo ilikuwa ya Zaina, katibu. Kwenye kikao nilisema anasoma kama mbuzi anayetafuna gunia. Walicheka. Zaina akatazama miguu yake.

Jumatano, 7 Agosti

Ukweli ni kwamba karatasi ya mtu mwingine inanishinda; haya yangu naandika polepole, herufi moja moja. Kwenye darasa la ngumbaru, la watu wazima, nilifundishwa kusoma kwa kidole, na mpaka leo ni kidole. Kwa hiyo nimeihifadhi yote kichwani, kama tulivyohifadhi sura za Kurani chuoni. Sasa inateremka kama uji. Hadija anadhani nasoma.

Ijumaa, 9 Agosti

Pampu ya kisima cha kijiji ilikufa jana. Tunachota mtoni.

Zaina kaja na karatasi mpya, anachechemea na mguu wake mbovu. Kasema kuna kilichoongezwa, tuipitie pamoja. Nikamjibu mimi nimeshaiva. Kaondoka. Sikuifungua.

Jumamosi, 10 Agosti

Sikukwama hata mara moja. Hata ukurasa niligeuza. Vigelegele. Mgeni rasmi kasema bibi huyu angefaa redioni. Nikavimba.

Akajibu ombi la vyerehani, akajibu la mabati, akapanda gari akarudi Korogwe. Ndipo mwenyekiti akaniuliza mbona pampu sikuitaja.

Karatasi mpya mkononi, maneno ya zamani mdomoni. Nilisema miwani ilinisumbua. Mwongo mkubwa mimi. Zaina alikuwa pale pale. Alinitazama, akaanza kukusanya viti.

Jumapili, 11 Agosti

Nimemwona Zaina akipandisha kutoka mtoni. Mguu ule, na ndoo kichwani. Nikajificha nyuma ya jiko. Mtu mzima na mvi zangu.



Jumatatu, 12 Agosti

Nimekwenda kwake. Nikamwambia yote, hata la kuhifadhi. Na kwa lile la mbuzi nilimwomba radhi.

Akanipa nakala yake ya karatasi mpya. "Haya, soma, dada."

Nikasoma. Kwa kidole, neno moja moja. Mstari wa pampu ulinichukua muda mrefu. Hakucheka. Nilipokwama alingoja.

Kesho anaipeleka Korogwe kwa mgeni rasmi, atasoma yeye. Polepole, kila neno.

Ndoo zake nitachota mimi.