Baba, Lilikuwa Joto

Baba,

Shikamoo. Nimekaa karibu na kichanja cha kuanikia kahawa, mahali ninapoweza kuliona kaburi lako. Leo nina furaha. Nimetaka ulisikie hili kwa utulivu, kwa sababu uliondoka ukiwa peke yako upande wa Bibi, watu wakimwita mchawi nawe ukisema hapana tu.

Lilikuwa joto, Baba. Joto tu.

Ngoja nianze vizuri, maana najua ungeniambia, "Polepole, mwanangu, kwani unafukuzwa na mvua?"

Unakumbuka kila tulipoteremka Mbamba Bay kumsalimia Bibi, mama yake Mama. Kabla hatujaliona ziwa nilikuwa nimeshavua sweta, jicho la kulia limeingia ukungu, miguu imekuwa kama ya mtu mwingine. Tukipanda kurudi Mbinga, baridi ikitupiga usoni, ukungu unaondoka. Dada yako, Shangazi Agatha, akapiga hesabu zake: kule anaugua, huku anapona, na kule yuko nani? Tangu hapo usipa aliotutumia Bibi, wale dagaa wa ziwani, ukawa chakula cha kuku. Wewe ukachukua sahani ukala mbele ya wote. "Kama ni sumu, nitangulie mimi," ukasema, ukilamba vidole.

Ukatangulia kweli. Ni moyo uliokuua, ule ule ambao daktari alikuonya kuuhusu miaka mingi. Lakini msibani hakuna aliyemkumbuka daktari. Walikumbuka sahani.

Bibi alikuja kukuzika, Baba. Alikaa ng'ambo ya barabara mpaka watu walipotawanyika, na Mama akaenda kukaa naye kule. Tangu siku hiyo Mama hajateremka kwao, na hapa nyumbani jina la mama yake halitaji. Hupika, hupalilia, hunyamaza.

Baadaye miguu ikaniishia darasani, nikiwa na chaki mkononi. Nikapelekwa hospitali ya rufaa, nikaingizwa kwenye mashine ya MRI, kitu kama pipa kubwa lililolazwa, kinagonga kama mafundi wanaoezeka bati. Katikati walinitoa, wakanichoma dawa ya rangi kwenye mshipa, wakanirudisha ndani.

Majibu niliyasoma peke yangu kwenye benchi, kabla sijaitwa. Madoa meupe kwenye ubongo, mengi. Nikajizika pale pale. Nilikuwa nimeshafika kwenye kuchagua nyimbo za misa, Baba, daktari alipofungua mlango. Mama wa makamo, mpole. Akaichukua karatasi mkononi mwangu. "Hii niliandikiwa mimi, mwalimu. Njoo tuisome wote."

Akaniwekea picha kwenye kompyuta. Akasema doa peke yake si jibu; presha huacha madoa, kipandauso huacha, maambukizi pia. Nikakuona ukiligeuza jani la kahawa mara mbili kabla ya kusema shamba linaumwa. Akanionyesha yalipokaa: machache kuzunguka vyumba vya maji katikati ya ubongo, moja ndani ya uti wa mgongo, shingoni. Kisha umri wa madoa yenyewe. Moja lilikuwa limekunywa ile rangi na kung'aa, kwa hiyo ni bichi. Mengine hayakunywa, ni ya zamani. Mahali tofauti, nyakati tofauti. Akayaweka pamoja na jicho langu, miguu yangu, damu yangu, na maji waliyonitoa mgongoni kuhakikisha si ugonjwa mwingine. Hapo ndipo alipoutaja: multiple sclerosis, wenyewe wanaufupisha MS. Kinga ya mwili wangu inayamenya maganda ya mishipa ya fahamu, kama panya anavyotafuna ganda la waya wa umeme.

Sikuuliza nitaishi miaka mingapi. Niliuliza habari za ziwa.

Hakucheka. Aliniuliza, "Na ukioga maji ya moto je?"

Nilikumbuka nyungu. Hukuwepo, Shangazi alinifukiza baada ya arobaini yako, mimi mwalimu wa kemia, nimeinama chini ya blanketi juu ya chungu cha majani yanayochemka. Jicho likazima kabisa. Magoti yakakatika. Shangazi akashangilia, "Linatoka! Mzidishieni moto!" Na tulikuwa hapa hapa Mbinga, Bibi yuko mbali, hajui hata kama nimeamka.

Daktari akanieleza kwamba mshipa uliomenywa hupitisha ujumbe kwa shida, na mwili ukipata joto hupitisha kwa shida zaidi. Ukipoa, hurudi ulivyokuwa. Joto halikuwa limeniongezea doa hata moja. Nilicheka mle chumbani, nikalia, mpaka akanipa maji ya kunywa.

Dawa nimeanza. Haiponyi, inapunguza mashambulizi. Sijui miguu hii itanifikisha wapi, na kuna asubuhi naogopa kuikanyagisha chini. Lakini najua kinachonila, na hakiishi nyumbani kwa Bibi.

Nilimweleza Shangazi jana, Mama akiwa pale pale jikoni anachagua maharage. Nilieleza yote, mpaka nyungu, na kwamba Jumamosi nataka tuteremke kwa Bibi. Shangazi akasema, "Kumbe mtoto anapikwa, na mimi nasema linatoka." Mama akaacha kuchagua maharage. Shangazi hakumtazama. Akaniambia mimi, "Jumamosi nateremka na ninyi. Na mtu asinisemee mbele ya yule mama. Nina mdomo wangu."

Mama usiku ule aliimba wakati anaosha vyombo. Wimbo wa kwao, wa Kinyasa. Nilikuwa nimesahau sauti yake, Baba.

Pumzika sasa. Kesi umeshinda, hata kama hukumu imechelewa. Nakuahidi hili: Jumamosi nitafunga kitenge kilicholoweshwa maji shingoni, na jicho likiingia ukungu sitaogopa; nitakaa kivulini na Bibi mpaka nipoe. Na usipa ukiletwa, sahani ya kwanza nitaila mimi, mbele ya wote, nikilamba vidole.

Mwanao.