Gracien na daraja yake ya mbao

Nicole weye, uko?

Unajua kibanda chetu cha nyuma, kile kilinyanyuliwa juu ya mawe sababu ya maji ya mto Mulongwe. Jana bwana yangu Gracien akakitengenezea daraja ya mbao, apandishe pikipiki ndani, aifiche, wenye bunduki wasiibebe.

Leo asubui kamanda mumoja akaingia ku parsele, mu kiwanja yetu. Hakusalimia muntu. Akaona daraja, akapanda juu na mabuti yake, akaruka. Akaruka tena! Minye nikasema basi, pikipiki tumeipoteza.

Akauliza: "Fundi ni nani? Hii inabeba uzito?"

Nicole, angesema imeoza! Angesema ni ya mbuzi! Lakini unamujua Gracien na mbao zake. Sifa ikamupanda: "Afande, hata ngombe mbili nene za mulimani Rurambo zitapita!"

Ngombe mbili!! Na kucheka akacheka!

Kamanda hakucheka. "Muzuri. Toa pikipiki yako, hatuna kazi nayo. Tunaweka masanduku ya masasi ya bunduki hapa."

Kamiyo, ile lori yao, iko inaingia kinyumenyume sasa hivi. Gracien mwenyewe iko anaiongoza, "kuja, kuja."

Kile kibanda kinagusana na chumba ya watoto.

Nakuletea watoto. Usiniulize mpaka lini.