Linux Tatu na Nyimbo za Modesta

Mama Odeta, shikamoo, kila juma nakusikiliza redioni nikiwacheka wenzangu na leo zamu yangu imefika, naomba uniokoe kabla mke wangu Modesta hajarudi kutoka kwao Magu, maana mimi na yeye tuna raha zetu hapa Igogo, tunachapa barua na kadi za watu kwa kompyuta yetu moja, hatujawahi kununiana hata siku mbili, lakini safari hii nimelikoroga. Rafiki yangu Shimba aliniletea CD za Linux, mifumo ya kuendeshea kompyuta kama ilivyo Windows, nikaonja moja, nikaongeza ya pili, tamu mama, nikasema nitie na ya tatu, zote zikae humo humo na Windows ya Modesta, kila moja na sehemu yake ya diski, basi hiyo ya tatu ikaniuliza kama ndiyo ishike mlango wa kuwashia mashine, na kwetu Rorya kitinda mimba ndiye anayebaki na boma la baba, nikajibu ndiyo bila kusita. Sasa nikiwasha inafunguka hiyo peke yake, wenzake hawaonekani, Windows haionekani, na nyimbo za kwaya ya Kirumba ambazo Modesta anazichapa tangu Kwaresima zilikuwa humo! Shimba ananiambia nifute vyote nianze upya, nimwambie mke wangu umeme ulikatika. Nifanyeje?

Ogweno, Igogo

Marahaba, Ogweno. Pole, mwanangu, ila una kiherehere! Ya kwanza hujaizoea, umeshavamia ya pili na ya tatu, kwenye mashine inayowalisha, tena mwenzako hayupo. Na hata huko Rorya, kitinda mimba anabaki na boma lakini hawafungii kaka zake nje.

Ole wako ufute kitu! Nimemwuliza Kashindye, fundi wetu hapa redioni, anasema kama diski uliigawa vizuri, nyimbo zipo, kilichopotea ni ile orodha ya kuchagulia mfumo wa kufungua mashine ikiwaka tu. Ukiwa ndani ya hiyo Linux ya tatu, fungua sehemu ya Windows, unakili nyimbo kwenye flopi kabla ya jambo lingine lolote. Kisha fungua faili la lilo.conf, ndimo orodha hiyo inamoandikwa, waandike wote wanne, Linux zako tatu na Windows, halafu endesha amri ya lilo. Ukiandika bila kuiendesha amri hiyo, umejichosha bure.

Uongo wa umeme mwachie Shimba, asiye na mke wa kumdanganya. Modesta umwambie mwenyewe, siku hiyo hiyo anayorudi, akishakula.

Na katika orodha hiyo, Windows ndiyo iwe ya kufunguka yenyewe bila mtu kugusa kitu. Modesta akiwasha, akute kazi yake. Wewe mwenye Linux tatu ndiye wa kukodoa macho hapo na kuwahi kubonyeza uchague yako kabla Windows haijafunguka.