Mbegu za Kilemba cha Jogoo

Jumatatu, 11 Machi 1946
Nimemaliza tuta nyuma ya jikoni. Nimevunja mabonge kwa mkono, nimepanga mawe laini ya kutoka Tabaka pembeni ili mvua isichukue udongo. Mbegu ni ndogo kama chembe za baruti, nyeusi, zinang'aa. Nimezichanganya na mchanga mkavu zisianguke rundo moja. Udongo kidogo tu juu yake. Zikizikwa sana haziji. Kisha majani makavu ya migomba.

Mama alikuja akasimama. Aliuliza kama ni nafaka ya wimbi. Nikasema ni maua. Alitazama tuta, akatazama ghala, akaenda zake.

Mbegu zimetoka kisiwa cha Seiloni. Bibi mmoja karibu na kambi yetu alikuwa nayo mlangoni, maua mekundu yaliyojikunja kama kilemba cha jogoo. Majani yake alikuwa akitupikia. Siku ya kuondoka alinifungia mbegu katika kitambaa. Nilizibeba Burma nzima. Wenzangu walirudi na saa za mkono.

Naandika Kiswahili nilichojifunza jeshini. Hapa nyumbani hakuna anayekisoma. Ni afadhali.

Jumatano, 13 Machi
Mvua jioni. Tuta limeshika.

Niandike na jambo lenyewe. Nilipokwenda vitani Moraa alikuwa bibi arusi wangu. Nimerudi, kuna mtoto anayetembea. Jina lake Nyaboke. Hesabu yake haihitaji shule. Moraa hakuficha. Aliniambia siku niliyofika, amesimama wima, mtoto yuko mgongoni. Wazee walikwisha kukaa: ng'ombe wa mahari walitoka kwetu, mtoto ni wa nyumba hii. Nilikubali mbele yao.

Nilikubali kwa mdomo. Sijamshika hata mara moja. Akiingia, natoka. Simchukii. Namwogopa. Askari mzima.

Jumatano, 20 Machi
Zimeota. Uzi mwekundu juu ya udongo mweusi. Nilipiga magoti kuangalia kama mjinga.

Jumamosi, 30 Machi
Sabato. Kanisani watu walinisalimu kwa mikono miwili, kisha macho yao yakaenda kwa mtoto, kisha yakarudi kwangu. Waliimba vizuri. Sikusikia mahubiri.

Miche imesongamana. Kesho nitaipunguza.

Jumapili, 31 Machi
Nimepunguza. Nimeacha shibiri moja kati ya mche na mche. Iliyong'olewa nimeihamishia kando ya njia.

Nyaboke alikuja akachutama upande wa pili wa tuta. Kila nilipong'oa mche, naye aling'oa jani la nyasi. Nilimaliza upesi kuliko nilivyotaka.

Alhamisi, 11 Aprili
Mvua ya mawe. Migomba imechanika, mahindi ya Mama yamelala. Majani ya miche yangu yametobolewa kama shabaha. Nimekata vichwa vilivyovunjika. Bibi yule wa Seiloni alikuwa akivikata hata bila mvua ya mawe. Mmea ukikatwa kichwa hutoa matawi.

Mama alisema mahindi yameharibika na mimi nahudumia mapambo. Ni kweli. Nilikwenda nikamsaidia kuinua mahindi mpaka giza.

Jumatano, 24 Aprili
Yamepona. Matawi mengi, majani mapana yenye wekundu katikati. Ncha zimeanza kukunjamana, ua linakuja.

Nilimwambia Mama kwamba majani haya huliwa. Alisema mboga za nyumba hii anazijua, chinsaga na rinagu, na hakuna nyekundu ya namna hii. Moraa alikuwa akipepeta. Hakuinua kichwa. Siku hizi tunasemezana mambo ya kuni na maji tu.

Jumanne, 30 Aprili
Siku mbaya.

Asubuhi nilikwenda sokoni Nyamarambe kununua chumvi. Nikirudi nilisikia kilio cha Mama tangu kwenye mto. Nilikimbia. Nyaboke alikuwa chini mbele ya jikoni, mdomo na kidevu vyekundu, majani yangu mkononi. Alikuwa akitetemeka. Moraa alikuwa amemtia kidole kooni. Yalitoka majani, kisha maji, kisha akalegea.

Mama alisema maneno mazito mbele ya majirani. Kwamba nimepanda sumu ya ng'ambo. Kwamba mtoto si wangu na nimetafuta njia ya kumwondoa bila kuinua mkono.

Hakuna aliyemkanya. Nilitazama nyuso zao. Walikuwa wakilifikiria.

Nilikwenda kwenye tuta, nikachuma konzi ya majani, nikayala mabichi mbele yao. Haikusaidia. Mtu mzima anaweza kustahimili kinachoua mtoto. Hata mimi niliwaza hivyo. Bibi yule aliyapika. Je, mabichi? Sikuwahi kumwuliza.

Moraa alikuja karibu kabisa. Hakulia. Alisema, "Kama ni sumu niambie sasa. Nitakusamehe baadaye. Niambie nijue la kumpa."

Nikasema, "Si sumu. Ni mboga. Nipe mtoto."

Aliinama akamwinua mtoto. Kisha akanipa.

Alikuwa wa moto kama chungu. Sikujua namna ya kumshika. Nilimweka begani kama nilivyombeba mwenzangu mmoja kule vitani, kisha nikaona hapana, nikamweka kifuani. Moraa alinifuata mbio. Tulirudi njia ile ile ya Nyamarambe. Kichwa chake kilinigonga shingoni kila hatua. Nilimwambia Mungu mambo ambayo sikumwambia hata Burma.

Zahanati ya huko ilikuwa ikifungwa. Dresa, mhudumu wa zahanati, alimlaza mezani, akamfunua macho, akambonyeza chini ya mbavu za kushoto. Nilimwonyesha majani. Aliyanusa, akasema haya hayajui, lakini homa hii anaijua. Alimwuliza Moraa tangu lini. Moraa akasema usiku wa jana mtoto alikuwa na baridi, alidhani ni mvua. Malaria. Dresa akaandaa kwinini.

Akauliza, "Baba yake ni nani?"

Moraa aliendelea kumfuta mtoto uso.

Nikasema, "Ni mimi."

Tunalala hapa chini, ukumbini. Sijui kama ataamka.

Alhamisi, 2 Mei
Jana alikataa maji. Leo alfajiri ameomba uji. Ameutapika, ameomba tena. Dresa amecheka. Mimi nilitoka nje nikasimama nyuma ya ukuta kwa muda.

Moraa amelala akiwa ameketi. Nimemfunika kwa koti langu la jeshi.

Ijumaa, 3 Mei
Tumerudi nyumbani. Mama ameling'oa tuta lote. Mimea imelala juani, mizizi nje, vilemba vyekundu vimeanza kunyauka. Nilitaka kuvunja kitu. Nilikuwa nimembeba Nyaboke, kwa hiyo sikuvunja.

Moraa ndiye aliyemweleza Mama, taratibu, maneno ya dresa yote. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Aliingia nyumbani kwake akafunga mlango.

Jumapili, 5 Mei
Nimeamka nikamkuta Mama kwenye tuta na kibuyu cha maji. Alikuwa akirudishia ile iliyobaki na uhai. Anachimba vizuri kuliko mimi. Ameikata majani nusu ili isikauke, ameiwekea kivuli cha majani ya migomba. Mingi itakufa. Iliyoko kando ya njia hakuigusa, hakuijua.

Nilichutama, nikamsaidia. Alisema bila kunitazama, "Nilisema neno baya, mwanangu. Na nililisema mbele ya watu."

Nikasema nimelisikia. Sikusema limekwisha, maana halijaisha. Akatikisa kichwa kukubali. Baadaye alipita nyumba zile za majirani, moja moja, kulirudisha neno lake. Ni mzee na njia ina utelezi. Alirudi jioni.

Jumapili, 19 Mei
Mvua nyembamba mchana kutwa. Mimea michache imeshika. Tumechuma ya kando ya njia, majani machanga tu. Moraa aliyachemsha, akamwaga maji ya kwanza, akaweka maziwa, akayaacha jikoni mpaka yakalainika. Mama alionja kwa ncha ya kidole. Alisema yamepungukiwa na chumvi. Akala sahani nzima.

Wakati wa kuchambua Moraa alianza kusema, mimi sikuuliza. Juu ya mwaka wa njaa. Habari kwamba kikosi chetu kimezama baharini. Mtu aliyepita na gunia la wimbi, akampa chakula. Hakumtaja jina. Nilimwuliza kama mtu huyo alimtendea wema. Akasema ndiyo. Nikafurahi na nikaumia, vyote pamoja. Kisha nami nikamweleza juu ya yule mwenzangu niliyembeba begani, na mahali nilipomlaza. Alikuwa hajawahi kunisikia nikisema mengi hivyo. Majani yalikwisha zamani, tukaendelea kukaa.

Sasa Mama amekwenda kulala. Moraa anafunika moto. Naandika kwa taabu, maana Nyaboke amelala juu ya miguu yangu. Imekufa ganzi. Sisogei.